Matiti Yanapouma: Mwachishe Mtoto Ziwa Polepole

Siku ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Mama amempeleka mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu kwa nyanya yake, tuseme kule Ganze, ili akasahau ziwa. Siku ya kwanza anahisi uzito kidogo kifuani. Siku ya pili matiti yamejaa, yanavuja na nguo inalowa. Siku ya tatu hawezi kulala ubavu, hawezi kubeba ndoo ya maji, hata leso ikimgusa anashtuka. Anameza dawa za maumivu alizonunua dukani, anajifunga kifua kwa leso kwa nguvu zake zote, kisha anangoja maziwa yakauke. Kuna ambao yanakauka. Kuna ambao wanaishia hospitalini wakiwa na homa na jipu la titi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mama huyo, kabla hajafunga safari ya Ganze.

Kuhusu mtoto mchanga, mengi yamesemwa na yamesikika: mwanzishe kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, mpe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa chini ya miezi 6 nchini, 6 hivi hupewa maziwa ya mama pekee. Lakini mtoto akishatambaa, akatoa meno na kuanza kugombania ugali sahanini, mama huachwa ajitafutie njia. Ni nadra kuambiwa kwamba titi laweza kuuma tena mwaka mzima baada ya kujifungua, na nadra zaidi kuelezwa sababu. Nilipotaja ofisini kwamba toleo hili lingekuwa na makala kuhusu matiti, wenzangu wawili waliinamia simu zao. Basi tuseme waziwazi.

Titi halijui kalenda

Mwili wa mama hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Mtoto akinyonya sana, maziwa huongezeka. Titi likikaa limejaa, mwili hupata ishara ya kupunguza. Ishara hiyo huchukua siku kadhaa kufanya kazi, si saa. Kwa hivyo ratiba ikibadilika ghafla, titi huendelea kutengeneza maziwa ya jana huku mtoto akinyonya ya leo. Yanayobaki ndiyo yanayoleta uzito, ugumu na maumivu.

Ratiba ya mtoto mkubwa hubadilika mara nyingi kuliko tunavyodhani. Ameanza kulala usiku kucha. Ameshiba uji na hataki kunyonya asubuhi. Ana mafua, pua imeziba, anashika ziwa na kuliachia. Au ni mama ndiye aliyebadilika: amerudi kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa na kumpa mama muda wa kufanya hivyo. Mama anayefanya kazi hotelini Watamu au kwenye viwanda vya chumvi Marereni ana haki ya kuulizia mahali hapo, hata kama mtoto wake tayari anakula. Mama anayeuza mboga soko la Mtwapa hana mwajiri wa kumuuliza, lakini dakika chache za kukamua kwa mkono adhuhuri zaweza kumwepusha na maumivu ya jioni.

Kisha kuna meno. Mtoto hawezi kuuma huku akinyonya sawasawa, kwa sababu ulimi wake hufunika meno ya chini. Huuma mwishoni, akishashiba na kuanza kucheza, au fizi zikimwasha. Silika ya mama ni kumvuta, na hapo ndipo chuchu huchanika. Badala yake, msogeze uso wake karibu zaidi na titi kwa sekunde moja ili afungue kinywa apate pumzi, au pitisha kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake. Mwambie "hapana" kwa sauti tulivu, umpumzishe ziwa kidogo. Ukipiga kelele, mtoto mwingine atacheka na kurudia, na mwingine ataogopa kunyonya kwa siku mbili, nawe utarudi pale pale pa titi kujaa. Chuchu iliyochubuka usiisugue kwa sabuni. Ipake matone ya maziwa yako mwenyewe na uiache ikauke kwa hewa.

Maumivu makali ya kuchoma, yanayoendelea hata baada ya mtoto kuachia ziwa, huku mdomoni mwake mkiwa na utando mweupe usiofutika, yaweza kuwa ni fangasi. Hayo hayaishi kwa kuvumilia. Mama na mtoto hutibiwa pamoja, la sivyo wataambukizana tena.

Hedhi ikirudi, matiti na chuchu huuma kwa siku chache kabla haijaanza, na maziwa yanaweza kupungua kidogo. Hupita yenyewe.

Au labda ni mimba

Hapa inafaa tukae kidogo. Akina mama wengi wanaamini kwamba anayenyonyesha hapati mimba. Kinga hiyo ipo, lakini ina masharti matatu, na yote lazima yawepo kwa pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi 6, awe ananyonya tu bila kupewa chakula kingine, mchana na usiku, na hedhi ya mama iwe haijarudi. Mtoto wa miezi 9 anayekula viazi hamkingi mama yake. Tena, yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, kwa hivyo mama anaweza kushika mimba bila kuona damu hata mara moja tangu alipojifungua. Matiti yakianza kuuma ghafla, chuchu zikawa nyepesi kiasi kwamba kunyonyesha kunakera, na hakuna kingine kilichobadilika, pima mimba kwanza.

Ikiwa ni mimba, si lazima mtoto aachishwe siku hiyo hiyo. Maziwa ya mama mjamzito hayaharibiki wala hayana sumu. Hupungua na ladha yake hubadilika mimba inapokua, na watoto wengine huacha wenyewe. Mama aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu katika mimba hii, ndiye anayehitaji kumuona muuguzi upesi ili ashauriwe kama aendelee.

Tunalisema hili kwa sababu katika vijiji vyetu mtoto akikonda baada ya mama kushika mimba, neno la kwanza kutajwa ni chirwa, na lawama huangukia mwenendo wa wazazi. Mtoto anakatwa ziwa usiku mmoja, halafu anapelekwa kwa mganga. Kumbe mara nyingi kilichomkondesha ni kukatwa ziwa kwenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya mwaka mmoja na miwili maziwa ya mama yanaweza kumpa mtoto karibu thuluthi moja ya nguvu anazohitaji. Ukiyaondoa ghafla bila kuongeza chakula, pengo linabaki mwilini mwake. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumpima mkono kwa ule utepe wa rangi. Ikiwa ni njano au nyekundu, pa kwenda ni zahanati.

Polepole maana yake nini hasa

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ambao ndio wa Wizara ya Afya, ni kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi. Mama anaweza kuwa na sababu zake za kuacha mapema, na hakuna muuguzi anayepaswa kumgombeza kwa hilo. Tunachoomba ni kwamba achague wakati na afuate mwendo.

Wakati kwanza. Usimwachishe mtoto akiwa anaharisha, ana malaria au ndiyo kwanza anapona. Usimwachishe wiki ile ile unapoanza kazi au mnapohama. Na wakati wa ukame, ambao watu wa Ganze na Magarini wanaujua kuliko anayeandika hapa, ziwa ndicho chakula ambacho hakitegemei mvua wala bei ya unga. Likiweza kungoja msimu upite, lingoje.

Mwendo sasa. Hesabu mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku. Tuseme mara tano: alfajiri, saa nne asubuhi, mchana, jioni na usiku. Anza kwa kuondoa ile anayoijali kidogo kuliko zote, kwa kawaida ya saa nne au ya mchana, na mahali pake umpe kitu kinachoshibisha: uji mzito wenye maziwa au njugu zilizosagwa, yai, parachichi, muhogo uliopondwa kwa tui na dagaa. Ngoja siku tatu hadi saba. Titi likishatulia, ndipo uondoe ya pili. Kwa mwendo huo, mara tano humalizika kwa mwezi mmoja hivi. Ya usiku huwa ya mwisho, kwa sababu mtoto anaihitaji kwa usingizi kuliko kwa njaa.

Hapo ndipo baba anapoingia. Mtoto akiamka saa nane usiku na kunusa maziwa ya mama, hakuna uji utakaomshawishi. Akibebwa na baba, au akilala na nyanya kwenye chumba kingine nyumba ile ile, hulia usiku mmoja au mitatu kisha hulala. Safari ya kwenda kwa nyanya si kosa. Kosa ni kuifanya ya kwanza. Mtoto ambaye amebaki na ziwa moja tu kwa siku anaweza kwenda Ganze, na mama akabaki na uzito kidogo tu.

Mtoto wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na vitafunio mara moja au mbili, kama ndizi au papai. Aliyetimiza mwaka anaweza kunywa maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyochemshwa, kwa kikombe, si chupa. Ikiwa hajatimiza mwaka na ni lazima aache, usiamue peke yako. Nenda kliniki mpange atapata nini badala yake.

Titi likijaa katikati ya mwendo huo, kamua kwa mkono kiasi cha kuondoa ugumu tu, kisha acha. Hili huwachanganya wengi. Ukikamua hadi titi liwe tupu, mwili unasoma kwamba mtoto bado ananyonya na unatengeneza mengine. Usipokamua kabisa, maziwa yanaganda kwenye mirija. Kamua ile nusu ya njia ambayo titi linalegea na wewe unapata pumzi. Weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15. Majani ya kabeji yaliyopozwa, yanayowekwa ndani ya sidiria, huwapa wengine nafuu. Ushahidi wake si mkubwa, lakini hayadhuru ngozi isiyo na kidonda, na jioni yanatupwa. Parasetamoli ni salama kwa mama anayenyonyesha ikimezwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ibuprofeni hupunguza pia uvimbe, ila uliza kwanza ikiwa una vidonda vya tumbo au huenda una mimba. Kunywa maji kama kawaida yako, kwani kujinyima maji hakukaushi maziwa.

Sasa yale ya kuacha. Leso iliyokazwa kifuani hubana mirija ya maziwa, na hapo ndipo mafundo huanzia. Sidiria inayoshikilia bila kubana, hata usiku, inatosha. Kulikanda titi kwa nguvu, au kulisugua kwa kitana kama wengine wanavyoshauriwa, huumiza nyama ya ndani na kuongeza uvimbe. Pilipili kwenye chuchu huunguza ngozi ya mama na mdomo wa mtoto, na akijipangusa nayo machoni kilio chake utakisikia hadi kwa jirani. Shubiri inaweza kumwendesha. Na mtoto wa mwaka mmoja haelewi kwamba anaachishwa. Anachoelewa ni kwamba kile alichokiamini kuliko vyote kimegeuka kikali, na wengine hukataa hata chakula.

Ukiona haya, usingoje kesho

Fundo moja lenye maumivu, ngozi juu yake imekuwa ya moto au imebadilika rangi (kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hivyo gusa kwa mkono), mwili unauma kama una malaria, unatetemeka, homa imefika nyuzi 38 au zaidi. Huo waweza kuwa uvimbe wa maambukizi ya titi. Wengi hununua dawa ya malaria kwanza na kupoteza siku mbili. Ukiwa na homa na titi moja linauma, mwambie muuguzi yote mawili.

Kama bado ulikuwa unanyonyesha, usisimamishe ghafla kwa sababu ya maambukizi hayo. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na titi linahitaji kuendelea kupunguzwa. Safari ya kuachisha isimame hadi upone. Ikiwa dalili si kali, zaweza kutulia kwa siku moja ukipumzika, ukinyonyesha kama kawaida na kupoza titi. Zisipopungua ndani ya saa 24, au ukiwa na homa kali, utahitaji antibiotiki, na ni lazima uzimalize hata ukipata nafuu siku ya pili. Fundo likilainika katikati kama tunda lililoiva na maumivu yakazidi, huenda usaha umeshakusanyika. Usitobolewe nyumbani kwa wembe wala sindano. Jipu la titi hutolewa usaha hospitalini, mara nyingi kwa sindano maalumu, na titi hupona.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi na anayetumia dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha kama wenzake, lakini kwake mambo mawili yana uzito zaidi. Kuachisha kufanyike kwa hatua, katika muda wa mwezi mmoja hivi, akiendelea na dawa zake na mtoto akiendelea na zake kama kliniki ilivyoelekeza. Na chuchu ikipasuka au titi likivimba, mtoto asinyonye upande huo. Anyonye upande mzima, upande mgonjwa ukamuliwe na maziwa yamwagwe, na mama aende kliniki siku hiyo hiyo.

Ukiwa umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hutolewa bila malipo. Si lazima uanzie hospitali kubwa ya Kilifi, Malindi au Mariakani. Kituo kilicho karibu ndicho kitakachokuandikia barua ya rufaa ikihitajika. Nafasi nzuri ya kuuliza haya yote, kabla hata maumivu hayajaanza, ni kliniki ya miezi 18, mtoto anapokwenda kuchanjwa surua na rubela mara ya pili. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto, na uliza hata kama foleni ni ndefu.

Maziwa yakishaisha

Matone machache yakiendelea kutoka kwa wiki kadhaa, hata miezi, baada ya mtoto kuacha, hayana neno. Usiyakamue ili kuangalia kama bado yapo, maana huko ni kuyaita. Matiti yanaweza kuonekana yamelegea au moja kuwa dogo kuliko jingine, na hubadilika polepole kadiri miezi inavyopita.

Baadhi ya akina mama hupatwa na huzuni isiyo na sababu wanayoweza kuitaja. Homoni zilizokuwa zikipanda wakati wa kunyonyesha zimeshuka, na hilo huonekana zaidi kwa aliyeacha ghafla. Kwa kawaida hupungua kwa wiki mbili hivi. Ikiendelea, au mama akikosa usingizi hata mtoto anapolala, amwambie mhudumu wa afya kama ambavyo angemwambia kuhusu homa.

Na fundo ambalo halijaondoka wiki mbili baada ya maumivu kwisha, hata kama haliumi, lionyeshwe kwa daktari. Vivyo hivyo ngozi ya titi iliyogeuka kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, au damu inayotoka kwenye chuchu bila kidonda. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine, na mama aliyetoka kunyonyesha hucheleweshwa kwa urahisi, kwa kuwa kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, hudhani bado ni maziwa. Ukiambiwa "ni maziwa tu" na fundo bado lipo wiki mbili baadaye, rudi tena, na uombe kupimwa.